Kamera ipo chumba anacholala dada wa kazi, nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Uyole, Mbeya. Mtoto wetu ana miezi tisa, anashinda na dada wa kazi, binti wa miaka 20 kutoka Makete. Mume wangu alifunga kamera mbili za waifai, moja sebuleni, nyingine chumba cha mtoto, na dada analala humo humo. Zinaonekana kwenye simu yangu, ya mume wangu na ya shemeji aliyeko Dodoma, maana yeye ndiye aliyezinunua na kuziunganisha. Wiki iliyopita nikiwa shuleni nilifungua simu nikakuta ya chumbani imefunikwa kanga. Nilipomuuliza dada akaishia kulia. Nifanyeje? Mtoto nataka nimwone.

JIBU: Mwalimu, hiyo kanga iache hapo hapo kwanza.

Kamera hizi zina taa za infraredi, zinaona gizani. Binti akizima taa ndipo avue nguo, bado anaonekana, na wanaoweza kumwona ni pamoja na wanaume wawili. Kwa hiyo kilio chake mimi hakinishangazi. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda maisha binafsi ya kila mtu, na chumba anacholala mtu ni sehemu ya maisha hayo hata kama nyumba ni yako.

Tuanze na Dodoma, maana hapo ndipo wengi wanapokosea. Kamera nyingi husajiliwa kwa akaunti moja tu ya mwenye nayo, wengine wanashirikishwa. Kwa maelezo yako, inaelekea mwenye nayo kwenye mfumo ni shemeji, ninyi ni wageni wake. Kubadilisha nenosiri la waifai hakumwondoi. Kamera itakata mtandao, na ikirudi hewani naye yupo. Kwa kamera nyingi hata kubonyeza kile kitufe cha kuirudisha upya (reset) hakutoshi. Lazima yeye mwenyewe azifute kamera kwenye akaunti yake, halafu wewe uzirudishe upya na kuzisajili kwa namba au barua pepe yako, kwa nenosiri ambalo hulitumii kwingine, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili, yaani nenosiri pekee lisitoshe kuingia, hadi namba ya siri inayokuja kwako. Kama video zilikuwa zinahifadhiwa mtandaoni kwenye akaunti yake, mwombe azifute. Memori kadi nazo zifomati. Simu ya zamani ukitaka kuiuza, toka kwanza kwenye akaunti.

Kamera ya chumbani iondoe kabisa. Kuigeuzia kitanda cha mtoto hakusaidii, kwa sababu dada ndiye anayeinama hapo usiku kumbadilisha mtoto nepi. Mchana mtoto alale sebuleni, utamwona.

Ila sebuleni nako kuna jambo ambalo hukuliuliza. Mwezi wa sita na wa saba, kwa baridi yetu hii, wengi tunamwogesha mtoto sebuleni, beseni likiwa karibu na jiko la mkaa. (Dirisha liwe wazi, tafadhali, moshi wa mkaa usiouona unaua.) Kamera inayorekodi muda wote kwa kasi ya megabiti moja kwa sekunde inakula GB 11 hivi kwa siku, hivyo kadi ya GB 32 inabeba karibu siku tatu. Maana yake mwanao yupo uchi mle ndani mara tatu, na kadi hiyo mtu anaichomoa kwa kucha tu.

Programu ina sehemu ya kuilaza kamera, lakini iko mkononi mwako, wewe uko darasani. Mpe dada kitu anachokiweza mwenyewe: azime swichi ya ukutani, au aifunike na hiyo hiyo kanga wakati wa kuoga, akimaliza aitoe. Kubalianeni muda, mathalani nusu saa, asije akaonekana ana la kuficha. Maikrofoni izime. Akiongea na mama yake kwa simu, wewe huna haja ya kuyasikia.

Je, naye apewe kuingia kwenye kamera? Mimi nisingempa akaunti, simu hupotea. Lakini ningemkalisha nikamwonyesha kwenye simu yangu: hapa ndipo inapoona, hapa haifiki, wanaoangalia ni mimi na baba mtoto, basi. Akishajua mipaka ya jicho lile, atajua pa kubadilishia nguo. Na umwombe radhi, mwalimu. Mtu anayemlea mwanao anastahili hilo.

Shemeji mpigieni leo jioni, wewe na mumeo mkiwa pamoja, asije akadhani umemshuku. Kufuta kamera ni kazi ya dakika moja. Akishafuta, panda kwenye kiti uifungue ile ya chumbani, umrudishie dada kanga yake.