Minara ya Burgos na fundi wake
Umeuliza mbona minara ya kanisa kuu la Burgos kule Hispania inafanana na ya kanisa kuu la Cologne, mji wa Ujerumani, jibu liko kwa fundi mwenyewe. Kanisa lilianza kujengwa 1221 enzi za mfalme Fernando III na askofu Mauricio, staili ni ile ya gothiki ya Ufaransa (ujenzi wa enzi za kati wenye matao yaliyochongoka), ila zile ncha za mawe zilizotobolewa-tobolewa kama kitambaa cha kudarizi zilijengwa 1442 mpaka 1458 na Juan de Colonia, Mjerumani aliyetokea hukohuko Cologne. Na hapa ndo pananisisimua kweli, Cologne yenyewe minara yake ilikuja kumalizika 1880, yaani Burgos walitangulia zaidi ya miaka 400! Ule mnara wa katikati ni habari nyingine, wa kwanza uliporomoka 1539 wakajenga upya.