Mwanangu, usiyakate majani yake

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma, na picha nimeikuza mpaka nikaona udongo kwenye kucha zako. Unauliza kama yale maua ya blubeli, vikengele vya buluu vya majira ya kuchipua, yaliyobanana kando ya ukuta, pale mnapotaka kujenga kibanda cha baiskeli, yanaweza kuhamishwa, au yatakufa kama yale ya pakiti uliyopanda mwaka juzi. Na kama yanahamishika, uyachimbe sasa hivi au usubiri?

Yanahamishika. Nashukuru umeuliza kabla ya kushika koleo. Tabia hiyo hukuirithi kwangu.

Kuhusu yale ya pakiti, usijilaumu sana. Tunguu la blubeli, kile kivimbe cha chini ya udongo kinachotoa mmea, halina maganda makavu kama kitunguu cha jikoni. Ni jeupe, laini, liko uchi. Likikaa rafuni wiki kadhaa kwenye joto hunywea. Siku nyingine libonyeze kwa kidole kabla ya kununua: likiwa gumu na zito, lichukue, likibonyea, liache hapo hapo. Na ukishanunua makavu, panda upesi, kati ya Septemba na Novemba. Wewe, nakumbuka, uliyaweka kwenye droo mpaka baada ya Krismasi.

Haya ya ukutani ni rahisi zaidi kwa sababu bado yana majani mabichi. Yaache yamalize kuchanua, kisha uyahamishe maua yakishanyauka na majani yakiwa bado ya kijani. Wapo wanaosubiri majani yakauke kabisa, nao hawakosei, ila ifikapo Julai hutajua tena pa kuchimba.

Sasa nisikilize kwenye kuchimba, maana hapa ndipo nilipoharibu mimi. Mara ya kwanza nilipohamisha blubeli nilichimba kina cha kiganja, nikashika shungi la majani nikavuta. Majani yalikatika yote mkononi, ute ukanata vidoleni, na matunguu yakabaki chini yakinicheka. Kumbe blubeli hushuka yenyewe. Mbegu huota karibu na uso wa ardhi, lakini tunguu likishaumbika, baadhi ya mizizi yake hujikunja na kulivuta chini mwaka hadi mwaka, mpaka unalikuta sentimita 15 au zaidi. Kwa hiyo acha koleo, litayakata. Chukua uma wa bustani, uchomeke mbali kidogo na shungi, uzame hadi mwisho wa meno, kisha uinue bonge zima la udongo. Lipasue taratibu kwa mikono. Vaa glavu, ule ute huwasha ngozi. Zamani Waingereza waliufanya gundi ya kujalidi vitabu na kubandika manyoya kwenye mishale, kwa hiyo usishangae ukishindwa kuunawa.

Usiyaache juani hata mchana mmoja. Chimba mashimo mapya kwanza, ndipo uyang'oe ya zamani. Kina kiwe sentimita 10 hadi 15, nafasi kati ya tunguu na tunguu sentimita 10 hivi, na sehemu nyeupe ya shina irudi chini ya udongo kama ilivyokuwa. Mwagilia. Yatalala chini kama mgonjwa, usihangaike nayo.

Mahali? Chini ya ule mti wenu unaopukutisha majani. Blubeli hufanya kazi yake mapema, mti ukiwa bado mtupu na mwanga unafika ardhini. Mti ukishavaa majani, yenyewe huwa yamekaribia kumaliza. Majani yanayoanguka yaache yaoze pale pale, hiyo ndiyo mboji yake.

Na majani ya blubeli yenyewe, nakuomba, usiyakate, usiyafunge mafundo, wala usiyapitishie mashine ya nyasi, hata yakichusha macho. Tunguu la mwaka huu huisha kabisa, na jipya hujengwa mahali pake kwa chakula kinachotoka kwenye majani hayo. Ukiyakata mabichi, umelinyima la mwakani. Ndiyo maana wanaotunza misitu huwasihi watu wasitoke kwenye njia: si ua linaloumia zaidi, ni majani yanayokanyagwa. Yakishakauka yenyewe na kuvutika bila kushikilia, ondoa. Mwaka wa kwanza huenda usipate ua hata moja. Ukitaka kuongeza, mwaga mbegu, lakini hesabu miaka mitano hivi kabla ya kuona ua.

Mjukuu wangu anaanza kutia kila kitu mdomoni, na mna mbwa. Mmea huu una sumu kuanzia tunguu mpaka mbegu. Usiyaanike matunguu jikoni hata dakika moja, mtu atayadhania vitunguu maji.

Halafu kuna jambo ambalo hukuliuliza. Kwenye picha yako mashina yamesimama wima na kengele zimezunguka pande zote. Blubeli ya asili ya Uingereza huinamisha kichwa, kengele zake nyembamba zikining'inia upande mmoja, na hunukia. Hizo zako zinanukia? Kama hazinukii, na majani ni mapana kama vidole viwili, basi ni za Kihispania au chotara. Si dhambi kuwa nazo, ila huenea kwa nguvu na kuchanganyika na za asili. Kama kuna msitu jirani, mimi ningezing'oa zote. Na zikitoka, zisiende kwenye lundo la mboji wala msituni, zitaota tena. Zifunge kwenye mfuko mweusi mpaka zioze kabisa. Usifikirie kufidia kwa kuchimba za msituni: sheria ya Uingereza ya mwaka 1981 inakataza kung'oa mmea wa porini bila ruhusa ya mwenye ardhi.

Kwa hiyo kabla hujagusa uma, tafuta ua la juu kabisa kwenye shina, lile lililochelewa kufunguka. Lipasue uangalie chavua, ule unga wa ndani ya ua. Ikiwa nyeupe kama maziwa, ni ya asili. Ikiwa ya buluu au kijani hafifu, ni ya Kihispania au chotara. Piga picha kwa karibu unitumie leo, jua likiwa bado lipo.

Mama yako