Mbolea ya kuku mbichi kwenye tuta la mchicha

Pole dada. Kwa ulivyoeleza, kwamba uko Kigamboni, udongo ni mchanga mtupu, ulimwaga mbolea ya kuku ikiwa mbichi na miche ikaungua kingo za majani, tatizo ni hiyo mbolea. Samadi ya kuku ni kali kuliko ya ng'ombe. Ikiwa mbichi huunguza mizizi.

Usiitupe. Irundike kivulini pamoja na majani makavu, inyunyizie maji, funika, igeuze kila wiki. Baada ya miezi miwili hivi ichimbue katikati: ikiwa haina joto, haitoi ile harufu inayochoma pua, na inavunjika mkononi kama udongo mweusi, imeiva.

Tuta lisizidi upana wa mita 1, ufikie katikati bila kulikanyaga. Na kwa mchanga wa Pwani, tafadhali usiliinue sana wakati wa kiangazi, linakauka upesi mno. Mimi ningelishusha kidogo chini ya usawa wa njia, maji yabaki kwenye mizizi. Changanya ndoo moja ya lita 20 ya samadi iliyoiva kwa kila mita 2 za urefu, udongo wa juu tu, kisha tandaza nyasi kavu zisizo na mbegu.

Mchanga haushiki chakula muda mrefu, kwa hiyo kila ukishang'oa mchicha rudishia samadi kabla ya kusia tena. Msimu mmojawapo panda kunde. Majani utakula, na mizizi yake huongeza naitrojeni, yaani chakula cha mimea, kwenye udongo.