Baridi ya Newala: usimzibie kuku hewa

Mliopanda Newala mkitokea pwani kama mimi, Juni mtaijua. Mikindani tulizoea jasho. Huku juu asubuhi ukungu umefunika mikorosho, na jogoo amejitutumua manyoya hadi anatia huruma. Huruma hiyo ilinigharimu. Mwaka wa kwanza nilizungushia banda zima nailoni, chini hadi juu. Siku ya nne nafungua mlango, harufu ya kinyesi inachoma macho, bati linadondosha maji, kuku wanakoroma kwa mafua. Ulikuwa unyevu wa pumzi zao wenyewe, wala si baridi.

Kuku mzima ana joto la mwili la nyuzi kama 41. Akijitutumua, hewa inayonasa kwenye manyoya ndiyo blanketi lake. Wewe hakikisha tu halowi na upepo haumpigi akiwa amelala. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, basi upande huo ziba hadi juu ya vichwa vyao. Upande wa pili, karibu na paa, acha wazi, uweke wavu wa kuzuia kicheche.

Wengi husahau miguu, nayo haina manyoya. Kwenye ufito mwembamba vidole hubaki nje usiku kucha. Weka ubao wa upana wa sentimita 5 hadi 10, ulale bapa, ili kuku akichuchumaa avifunike kwa kifua. Bomba la chuma hapana, linapoa mno. Kagua nyufa za ubao pia: utitiri hujificha humo mchana. Chini mwaga maranda au pumba za mpunga, na palipolowa pazoe. Jioni watupie mahindi kidogo. Tumbo likisaga, mwili unapata moto.

Vifaranga ni habari nyingine. Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza kama 3 kila wiki. Ukitumia chungu cha mkaa, usifunge chumba: hewa yake ya sumu hainuki, na inaua. Kipimajoto huna? Watazame. Wakirundikana, wanaona baridi. Wakikimbilia pembeni na kuhema, umezidisha. Ila mtetea mlezi anakushinda wewe na chungu chako.

Na kuku anayejikunyata saa sita mchana, jua limewaka, usiseme ni baridi. Mtenge na wenzake, umwite afisa mifugo siku hiyohiyo, maana huenda ni kideri, ugonjwa wa kuku unaoambukiza na kuua haraka.