Jina Najma lina kosa gani?

SWALI: Mtoto wetu anaitwa Najma. Kuna mtu wa mtandaoni kapiga hesabu ya jina akasema ni zito, limetoka kwenye unajimu na nyota ya mtoto imefungwa, anataka hela aifungue. Asili ya neno hili ni nini, tubadilishe?

JIBU: Msibadilishe dada yangu, na hela yenu kaeni nayo. Mie nafundisha Kiarabu na haipiti wiki sijaulizwa hili.

Najma ni nyota moja, wingi nujum. Limetoka kwenye kitenzi najama, yaani kuchomoza, kutokeza, jino la mtoto likiota au mmea ukichipua Waarabu wanatumia hichohicho, ndo maana kwenye Surat Rahman aya ya 6 wafasiri wengi wanasema an-najm pale sio nyota bali mimea isiyo na shina. Na Waarabu wa zamani wakisema tu "an-Najm" mara nyingi walikusudia Thurayya, yaani lile kundi la nyota tunaloliita Kilimia, kilekile wazee wetu walichosema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Walikuwa wanatafutia misimu na njia. Sasa mkosi unaingilia wapi hapo?

Unajimu kweli umetoka kwenye nujum, ila ni neno ndo lilizaa hiyo kazi, sio hiyo kazi iliyozaa neno. Na hata enzi hizo wasomi hawakuikubali wote, Ibn Sina, yule tabibu na mwanafalsafa, aliandika risala nzima kuwapinga watabiri wa nyota.

Kinachonichosha mie ni hizi hesabu. Wanachukua namba za abjadi, yaani kila herufi ya Kiarabu ina namba yake, wanajumlisha jina lako na la mama yako, wanagawanya kwa 12, kinachobaki eti ndo buruji yako, yaani nyota yako kati ya zile 12, ya 1 Kondoo, ya 2 Ng'ombe. Haya, chukua Najma peke yake: nun 50, jim 3, mim 40, halafu ile te ya mwisho wengine wanaihesabu 5 wengine 400. Kwa 5 unapata 98, inabaki 2, mtoto ni Ng'ombe. Kwa 400 unapata 493, inabaki 1, keshakuwa Kondoo! Mtoto yuleyule, usiku uleule aliozaliwa, na hata ukiongeza jina la mama, hiyo tofauti haiondoki.

Kwa hiyo nyie wote mnaotumiwa meseji za kusafisha nyota WhatsApp, kabla ya kutuma chochote mwambieni huyo fundi aandike jina lenu kwa herufi za Kiarabu kwa mkono wake, apige picha. Wengi wanakwama hapo tu.