Trei za mayai zinazuia kelele kweli?

SWALI: Habari za kazi. Nimepanga chumba na ukuta mmoja nashea na jirani mwenye spika kubwa, halafu mimi mwenyewe narekodi sauti kwa simu. Wengine wananiambia nibandike trei za mayai ukuta mzima, wengine sponji la godoro kuukuu. Hela ya vifaa vya dukani sina. Nitapata utulivu kweli?

JIBU: Kwa trei, hapana ndugu yangu, spika ya jirani utaisikia vilevile. Watu wanachanganya mambo mawili hapa. Kuzuia sauti isipite ukutani kunataka uzito na kusiwe na upenyo, ila kumeza mwangwi ndani ya chumba kunataka kitu cha nyuzinyuzi chenye unene. Trei haina uzito wala unene, inapunguza kidogo tu zile sauti nyembamba, na besi ya hezi 100 (mitetemo 100 kwa sekunde) mawimbi yake yana urefu wa kama mita 3.4, sasa trei ya sentimita chache itaizuia wapi?

Anza na mlango na dirisha. Upenyo ukifika asilimia 1 tu ya eneo la ukuta, basi hata ukuta uwe wa zege hautapunguza zaidi ya desibeli 20 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo vipande vya mpira wa tairi la baiskeli ukivibana vizuri chini ya mlango na kuzunguka fremu vinakusaidia kuliko trei mia.

Kwa kurekodi sasa, hapo takataka zinafanya kazi nzuri sana na mimi napenda watu wazitumie. Chukua jinzi, sweta na taulo zilizochoka, fua, anika zikauke kabisa maana unyevu unaleta ukungu, toa zipu na vifungo, zichane vipande vidogo ujaze kwenye fremu ya mbao yenye kina cha sentimita 10, ila usishindilie mpaka zikawa ngumu kama ubao. Funika na kitambaa cha kawaida. Kukijaribu kiweke mdomoni upulize, pumzi ikipita kinafaa, isipopita kabisa tafuta kingine, na usikipake rangi maana utaziba vitundu. Usumba wa nazi nao unafaa. Ile styrofoam nyeupe ya kwenye maboksi ya tivii achana nayo, ni nyepesi na haimezi sauti.

Sponji la godoro nakuomba sana usibandike. Mwaka 2013 huko Santa Maria, Brazil, fataki iliwasha sponji la kumeza sauti kwenye dari ya klabu ya usiku, moshi wake wa sumu ukajaa ndani na watu 242 wakafa. Hata hizo fremu za nguo ziweke mbali na jiko, mishumaa na soketi.

Besi ya jirani ndo ngumu. Ukuta ukiuongezea uzito mara mbili unapata kama desibeli 6 tu, wakati sikio linahisi kelele imepungua nusu ikishuka kama desibeli 10, na mpangaji huwezi kujenga ukuta wa pili. Mwombe kistaarabu aisogeze spika mbali na ukuta wenu, na mpelekee vipande vinne vya tairi la gari aweke chini yake, mtetemo utapungua kwenye sakafu.