Mgunga umenigomea
Swali: Shikamoo Bibi. Nilipanda mbegu 50 za mgunga, zikaota 2 tu. Kiangazi mbuzi wangu hutegemea maganda yake. Nimekosea wapi? — Mfugaji, Kondoa

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mbegu ile ni ngumu kama kokoto. Chemsha maji, epua, tumbukiza mbegu, ziache humo hadi kesho yake. Zilizovimba ndizo za kupanda. Zilizotobolewa na wadudu tupa. Sisi nyumbani sufuria hatukuihangaikia: tuliokota mbegu kwenye samadi zizini, kwani tumbo la mbuzi limekwisha kuzilainisha. Mzizi wa mgunga hukimbilia chini upesi, basi usiucheleweshe mche kwenye kiriba, kile kifuko cha kuoteshea. Ukishauhamishia shambani, uzungushie miiba, maana mbuzi hao hao wataumaliza.